Ruy Guerra: Mwongozaji wa nchi mbili aliyeipeleka Mueda kwenye filamu

KATIKA kundi la waongozaji walioijenga sinema mpya ya Brazili mwanzoni mwa miaka ya 1960, mmoja wao hakuwa mzaliwa wa nchi hiyo. Ruy Guerra alizaliwa Agosti 22, mwaka 1931, katika mji wa Lourenço Marques ambao leo unaitwa Maputo, akiwa mtoto wa wazazi wenye asili ya Ureno.

Alisomea filamu Ufaransa, akajipatia jina Brazili, na baada ya Msumbiji kupata uhuru alirudi alikozaliwa kuongoza filamu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ndefu kutengenezwa na taifa hilo. Filamu hiyo, Mueda, Memória e Massacre, yaani Mueda, Kumbukumbu na Mauaji, ilikamilika mwaka 1979.

Kwa wasomaji wa Tanzania, na hasa wenye asili ya Newala na Masasi, filamu hiyo ina uzito wa pekee. Ilipigwa katika uwanda wa juu wa Mueda, upande wa pili wa Mto Ruvuma, na inahusu tukio lililoanza na maneno yaliyovushwa mto huo kutoka Tanganyika.

Uwanda mmoja, dola mbili

Mji wa Newala umekaa kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde. Kutoka kwenye genge linalojulikana kwa jina la Shimo la Mungu, ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya bonde hilo ardhi inapanda tena, na huko ndiko uliko uwanda wa Mueda, makazi mengine makubwa ya Wamakonde.

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuufanya mto huo mpaka wa makoloni yao. Tangu hapo watu wa kabila moja walijikuta chini ya serikali mbili, lugha mbili za ofisini na kodi za aina mbili. Hata hivyo, mto haukuwazuia kuoana, kuzikana wala kutafuta kazi.

Katika karne ya 20 Wamakonde wengi kutoka upande wa Wareno walivuka kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi, Mtwara, Tanga na kwingineko. Miongoni mwa waliobaki au kuzaliwa upande wa kaskazini walitoka wachongaji wa vinyago ambao kazi zao baadaye zilijulikana duniani.

Masasi, iliyo magharibi ya uwanda huo katikati ya majabali makubwa, nayo ina historia ya watu waliofika kutoka mbali. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walifungua hapo makazi ya watu waliokombolewa utumwani, na mji ukawa njiapanda ya Wamakua, Wayao na Wamakonde.

Kamera nayo haikuchelewa kufika. Mwaka 1906, wakati vumbi la Vita vya Maji Maji lilikuwa halijatua, Mjerumani Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kupiga picha za sinema na nyingine ya kunasa sauti. Picha za ngoma alizopiga ni miongoni mwa picha za sinema za mwanzo kabisa kuchukuliwa Afrika Mashariki.

Weule alipiga picha za watu wasiokuwa na kauli juu ya namna watakavyoonyeshwa. Hadhira yake ilikuwa Ujerumani. Miaka 73 baadaye, ng'ambo ya mto, Guerra alikuja na kamera iliyofuata njia tofauti: waliopigwa picha ndio waliokuwa wenye hadithi.

Kutoka Lourenço Marques hadi Rio de Janeiro

Guerra alikulia katika mji wa kikoloni uliowatenga wakazi kwa rangi. Kwa kuzaliwa, yeye alikuwa upande wa wenye nafasi, lakini tangu ujana wake alijihusisha na duru za vijana waliopinga utawala wa Ureno, huku akiipenda sinema na fasihi.

Mwaka 1952 alijiunga na chuo cha filamu cha IDHEC jijini Paris na kumaliza miaka miwili baadaye. Mwaka 1958 alihamia Brazili, nchi inayotumia lugha aliyoizaliwa nayo lakini ambayo hakuwa na undugu nayo mwingine wowote.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Os Cafajestes, ilitoka mwaka 1962. Ilisimulia maisha ya vijana watundu wa Rio de Janeiro na kuzua mtafaruku mkubwa kwa sababu ya picha za mwanamke aliyevuliwa nguo ufukweni. Wakaguzi waliipiga marufuku kwa muda, jambo lililozidi kuitangaza.

Iliyompatia heshima ya kimataifa ni Os Fuzis, yaani Bunduki, ya mwaka 1964. Filamu hiyo inaonyesha kikosi cha askari kilichotumwa katika kijiji cha kaskazini mashariki ya Brazili wakati wa ukame, kulinda ghala la chakula dhidi ya wakulima wenye njaa. Ilitunukiwa tuzo ya Dubu wa Fedha katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka huohuo.

Mwaka huohuo pia jeshi la Brazili lilipindua serikali na kutawala hadi 1985. Kwa waongozaji wa kizazi cha Guerra, kazi iligeuka kuwa mvutano wa kudumu na wakaguzi.

Mwaka 1970 alitoa Os Deuses e os Mortos, kuhusu vita vya wenye mashamba ya kakao kusini mwa jimbo la Bahia. Mwaka 1972 alionekana mbele ya kamera kama mwigizaji katika filamu ya Mjerumani Werner Herzog, Aguirre. Mwaka 1973 aliandika pamoja na mwanamuziki Chico Buarque mchezo wa kuigiza uitwao Calabar, ambao serikali ya kijeshi iliuzuia. Aliandika pia mashairi ya nyimbo zilizoimbwa na wasanii wakubwa wa nchi hiyo.

Mwaka 1978 yeye na Nelson Xavier walitoa A Queda, yaani Anguko. Humo wanarejea askari wa Os Fuzis, sasa wakiwa raia wa kawaida wanaofanya kazi ya ujenzi jijini Rio, mahali ambapo uhai wa kibarua hauna thamani kubwa. Filamu hiyo nayo ilipata Dubu wa Fedha mjini Berlin.

Yaliyotokea Mueda mwaka 1960

Ili kuielewa filamu ya mwaka 1979 ni lazima kurudi nyuma hadi Juni 16, mwaka 1960. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikielekea uhuru chini ya TANU, na habari za kujitawala zilikuwa gumzo katika kambi za mkonge na katika vyama vya Wamakonde waliokuwa wakiishi huko.

Wajumbe kadhaa walikuwa wamevuka Ruvuma kwenda kuzungumza na utawala wa Ureno mjini Mueda. Walioongoza siku hiyo ni Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, ambao walitaka maelezo juu ya kazi za shuruti, kodi na haki ya watu kujitawala.

Gavana wa wilaya ya Cabo Delgado alifika Mueda na umati mkubwa ukakusanyika mbele ya jengo la utawala. Baada ya mazungumzo, wajumbe hao wawili walikamatwa. Umati ulipojaribu kuzuia wasichukuliwe, askari walifyatua risasi.

Idadi ya waliouawa imebaki kuwa suala la mabishano. Historia rasmi ya FRELIMO inataja watu wapatao 600. Alberto Chipande, aliyekuwapo siku hiyo na ambaye baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa ulinzi wa Msumbiji huru, alieleza katika kitabu cha Eduardo Mondlane cha mwaka 1969 kwamba waliokufa walizidi 500. Wanahistoria waliopekua nyaraka za Ureno wanataja idadi ndogo zaidi, ya makumi ya watu.

Lisilobishaniwa ni matokeo yake. Wamakonde wengi walifikia uamuzi kwamba maombi hayatoshi. Juni 25, mwaka 1962, vyama vya wapigania uhuru wa Msumbiji viliungana jijini Dar es Salaam na kuunda FRELIMO, na Septemba 25, mwaka 1964, vita vilianza katika jimbo la Cabo Delgado.

Kusini mwa Tanzania kukawa nyuma ya uwanja wa vita. Wakimbizi walivuka mto kwa maelfu, wengine wakapokewa na ndugu zao katika vijiji vya mpakani na wengine wakapelekwa katika makazi ya Rutamba, Lindi. Wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea. Kwa watu wa Newala, vita vya Msumbiji vilikuwa na sura za wajomba na shemeji zao.

Taifa jipya na sinema yake

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, mwaka 1975. Serikali ya Rais Samora Machel iliamini kwamba sinema ingeweza kuwaunganisha wananchi ambao wengi wao hawakujua kusoma, na ambao kutoka Ruvuma hadi Maputo hawakuwa na lugha moja.

Taasisi ya Taifa ya Sinema ilianzishwa, na magari yenye mitambo ya kuonyesha filamu yakapelekwa vijijini. Filamu fupi za habari zilizoitwa Kuxa Kanema, jina linalobeba maana ya kuzaliwa kwa sinema, zikaanza kutengenezwa. Wageni mashuhuri, wakiwamo Wafaransa Jean Rouch na Jean-Luc Godard, walifika kwa majaribio yao ya filamu na video.

Guerra alikuwa na nafasi tofauti na wageni hao. Alikuwa mwongozaji mwenye sifa za kimataifa, lakini pia alikuwa mwana wa nchi. Alishiriki kuijenga taasisi hiyo na kuwafunda vijana wa Kimsumbiji waliokuwa wakishika kamera kwa mara ya kwanza.

Mjini Mueda, wananchi walikuwa wamekwisha kuanza jambo lao. Baada ya uhuru, kila ifikapo kumbukumbu ya Juni 16, walikusanyika palepale penye jengo la zamani la utawala na kuigiza yaliyowapata mwaka 1960. Mchezo huo uliandaliwa na Calisto dos Lagos, na waigizaji walikuwa wakazi wa mahali hapo.

Guerra hakuleta waigizaji wa kulipwa wala hakuandika upya mchezo huo. Aliweka kamera katikati ya umati na kupiga picha za watu wakijiigiza wenyewe, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Katikati ya maigizo aliingiza mahojiano na walioshuhudia siku ile.

Anayeitazama filamu hiyo kwa mara ya kwanza hushangazwa na kicheko. Wanakijiji weusi ndio wanaoigiza maofisa wa Kireno, na wanafanya hivyo kwa madaha na ukali uliotiwa chumvi, kama ilivyo kawaida ya ngoma za vinyago za Wamakonde, mapiko kwa upande wa Msumbiji na midimu kwa upande wa Tanzania, ambazo tangu zamani zimetumika kuwakejeli wenye nguvu.

Wajumbe wanafika mmoja baada ya mwingine, wanauliza swali lilelile, na wanajibiwa kwa dharau ileile. Watazamaji wanacheka. Halafu bunduki zinalia, na wale waliokuwa wakicheka wanakimbia na kuanguka. Ni vigumu kujua mahali mchezo unapoishia na kumbukumbu inapoanza.

Hapo ndipo mtu anapouona uzi unaozishona kazi za Guerra. Katika Os Fuzis aliuweka umati wenye njaa mbele ya askari wenye silaha, na umati haukuinuka. Mueda ilimpa umati uliopigwa risasi, kisha ukashinda vita, kisha ukarudi palepale kuwacheka waliowapiga.

Filamu iliyohaririwa mara ya pili

Kazi hiyo haikubaki kama Guerra alivyoikamilisha. Watafiti waliolinganisha nakala zake wameonyesha kwamba baadhi ya sehemu ziliondolewa na nyingine zikapigwa upya bila yeye, ili simulizi iende sambamba zaidi na historia iliyotambuliwa na chama. Kazi hiyo ya marekebisho ilimhusisha Mbrazili Licínio Azevedo, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waongozaji wakuu wa Msumbiji.

Sababu za hali hiyo zinaeleweka kwa kuangalia wakati wenyewe. FRELIMO iliyaeleza mauaji ya Mueda kuwa chimbuko la vita vya ukombozi wa taifa zima. Lakini wajumbe wa mwaka 1960 walitoka katika vyama vya Wamakonde vilivyokuwapo kabla ya FRELIMO, na baadhi ya watu waliovuma uwandani katika miaka hiyo, kama Lázaro Nkavandame aliyeongoza ushirika wa wakulima wa pamba, baadaye waliachana na chama hicho. Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno mwaka 1969.

Kwa hiyo, mkulima aliyesimama mbele ya kamera na kusimulia alichokiona angeweza, bila kukusudia, kutaja jina au sababu ambayo haikutakiwa. Mwongozaji aliyekwisha kupambana na wakaguzi wa serikali ya kijeshi ya Brazili alikutana na mkasi mwingine, safari hii katika nchi ya wapigania uhuru aliowaunga mkono.

Hata hivyo Guerra hakukatisha uhusiano wake na Msumbiji. Mwaka 1980 ilitoka filamu yake fupi, Um Povo Nunca Morre, yaani Taifa Halifi Kamwe, kuhusu kurejeshwa nyumbani kwa mabaki ya mashujaa waliokuwa wamezikwa Tanzania. Mmoja wa mashujaa hao ni Mondlane, aliyeuawa kwa bomu jijini Dar es Salaam Februari 3, mwaka 1969, na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Baadaye alipiga picha za vikao vya mwaka 1982 ambapo Rais Machel aliwahoji hadharani watu waliokuwa wameutumikia utawala wa kikoloni. Picha hizo zilizaa filamu iitwayo Os Comprometidos.

Kurudi Amerika ya Kusini

Mwaka 1983 Guerra alitoa Eréndira, kutokana na hadithi ya Gabriel García Márquez wa Kolombia, ambaye alikuwa rafiki yake. Filamu hiyo iliyopigwa Mexico ilishindanishwa katika tamasha la Cannes. Ilifuatiwa na Ópera do Malandro, filamu ya nyimbo iliyotokana na mchezo wa Chico Buarque, na Kuarup ya mwaka 1989.

Mwaka 2000 alirudi Cannes na Estorvo, kutokana na riwaya ya Buarque. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80 alitoa Quase Memória mwaka 2015, na mwaka 2020 filamu yake Aos Pedaços ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Gramado, Brazili.

Katika vitabu vya historia ya sinema jina lake huwekwa mara mbili, katika sura ya Brazili na katika sura ya Msumbiji. Wapo wanaomwita Mbrazili aliyepita Afrika, na wapo wanaomwita Mwafrika aliyefanya kazi Brazili. Filamu zake zenyewe hazijibu swali hilo, kwani karibu zote zinamhusu mtu aliyefika mahali pasipo pake na kulazimika kuchagua upande.

Kilichobaki uwandani

Taasisi ya Taifa ya Sinema ya Msumbiji iliungua moto mwaka 1991 na sehemu ya hazina yake ikapotea. Mueda, Memória e Massacre ilinusurika. Nakala yake pia ilihifadhiwa na taasisi ya filamu ya Arsenal mjini Berlin, na katika miaka ya karibuni imeonyeshwa tena kwa watafiti na watazamaji wa nchi mbalimbali.

Juni 16 imeendelea kuwa tarehe nzito. Barani Afrika inajulikana zaidi kama Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Nchini Msumbiji ni siku ya Mueda, na serikali iliichagua tarehe hiyo mwaka 1980 kuanzisha sarafu mpya ya taifa, metikali.

Mei 12, mwaka 2010, marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walizindua Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, huko Mtambaswala, katika Wilaya ya Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi. Njia ambayo wajumbe wa mwaka 1960 waliipita kwa mtumbwi na kwa miguu ikapata barabara ya magari.

Lakini Oktoba 2017 mashambulizi ya wanamgambo yalianza katika jimbo la Cabo Delgado, na mji wa Mueda ukawa tena mahali pa kambi za jeshi na kimbilio la watu waliohama makwao. Wengine walielekea kaskazini, ulikokuwa umeelekea mkondo wa wakimbizi wa miaka ya 1960.

Hali hiyo imeiongezea thamani filamu ya Guerra. Ndani yake kuna sauti za watu waliokuwa watu wazima mwaka 1960, ambao wengi wao hawapo tena kuulizwa. Kwa vijana wa Newala, Masasi na Mueda wanaosikia habari hizo kwa vipande vipande kutoka kwa wazee, ni ushahidi unaoonekana na kusikika, hata kama mkasi ulipita juu yake.